Mafunzo ya kuongoza vijana wa kaya na mikoko, Kwale: siku 12 kwa KSh 8,000

Tangu nirudi nimeulizwa na watu wengi: yale mafunzo yanafaa, au ni kupoteza siku? Nimeona niandike mara moja, tena kirefu, ili anayetaka kujiandikisha au kumpeleka mwanawe ajue anachokiendea.

Mimi ni Mdigo wa Kinondo, nina miaka 24. Zamani nilikuwa nikiuza leso (kanga) na mama yangu Ukunda, na Jumamosi najitolea kwenye kitalu cha miche. Sasa naongoza kikundi cha vijana 9, wa miaka 15 hadi 19, wanaofyeka mpaka wa kaya, wanaohesabu visiki na kupanda mikoko. Mafunzo ninayoyaeleza ni ya watu wa miaka 18 hadi 26 wanaotaka kuongoza vikundi kama changu. Ni siku 12, ada KSh 8,000, kulala na kula ndani yake. Jina la shirika silitaji, kwa sababu nina malalamiko, na hayo nimeshawaandikia wenyewe. Walionipigia simu nimewaambia ni akina nani.

Kwa wasio wa pwani, kaya ni msitu wa wazee wetu. Mijikenda, yaani makabila tisa ya pwani ya Kenya, sisi Wadigo tukiwamo, walikaa humo ndani, katika vijiji vilivyozungushiwa msitu kuwa ngome, tangu karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshatoka kukaa nje, lakini makaburi na mahali pa kuombea pamebaki, na wazee wa kaya ndio walinzi. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya kaya hizi katika Urithi wa Dunia, zikiwa zimetawanyika kwa urefu wa kilomita 200 hivi za pwani. Kaya Kinondo ni mojawapo, hekta 30 tu, na huku ufuoni viwanja vimeibana. Mwendo mfupi kusini iko Gazi, na mikoko yake. Kwa hiyo kijana wa kwetu akisema analinda mazingira, anasema mambo mawili: msitu wa mababu na msitu wa baharini.

Nianze na kilichonifaa zaidi: mpangilio wa siku. Nilidhani kuongoza ni kuwa na sauti. Mkufunzi wa kwanza, dada mmoja mpole asiyepaza sauti hata kidogo, alitupa karatasi tupu akatuambia tupange siku ya kazi ya kupanda mikoko tukianzia mwisho. Saa ngapi kila mtu awe ameshatoka majini? Kabla ya hapo, dakika ngapi za kutembea kutoka topeni hadi nchi kavu na mtoto mmoja aliyechoka? Kabla ya hapo, ni lini tunaacha kupanda hata kama ndoo bado zina mbegu? Ukifika juu ya karatasi ndipo unajua saa ya kuondoka nyumbani. Sijawahi tena kupanga siku kwa njia nyingine.

Kwetu saa hiyo hupangwa na bahari. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, bahari inapojaa na kukupwa sana, maji hukauka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku hiyo saa inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa maji mafu hayakauki vizuri na hayajai vizuri, na kazi ya topeni haina faida. Mtoto wa mvuvi anajua hili kabla hajaanza skuli. Mkufunzi aliyetoka bara alilijua kwa kusoma jedwali, na nitaeleza lilivyotokea.

Usalama wa vifaa walifundisha kwa makini sana. Unashika panga, unanyoosha mkono, unazunguka polepole: duara hilo ni lako, na akiingia mtu, panga linashuka chini. Mkiwa njiani mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, hatua tatu kati yenu, panga likiwa ndani ya ala, jembe limeshikwa mkononi upande wa bondeni, halibebwi begani. Kuna mtu wa mbele na mtu wa mwisho, na wa mwisho hachaguliwi kwa kuwa ni mvivu. Anachaguliwa kwa sababu ana macho. Kila mkivuka maji mnahesabiana kwa sauti, kila mtu na namba yake. Vijana wangu walilikataa hili wiki ya kwanza, wakasema ni mambo ya chekechea. Siku hizi wakisahau kuhesabu wanarudi wenyewe.

Halafu kuna kanuni moja waliyoiita «simama». Yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema neno hilo kazi inasimama pale pale, na hakuna wa kumwuliza kwa hasira. Ilifundishwa siku ya kwanza, tukaandika kwenye daftari, tukapiga makofi. Siku ya saba ndiyo iliyoonyesha nani alikuwa ameielewa.

Siku hiyo tulikwenda Gazi kwa mazoezi. Walikuja vijana kumi wa miaka 15 hadi 17 kutoka vijiji vya karibu, na sisi wanafunzi tukawa viongozi wao. Mkufunzi wa zamu alisoma jedwali la maji, lakini jicho lake likashika mstari wa tarehe nyingine. Akatuambia maji yatakauka saa saba mchana. Tulipoingia topeni ilikuwa yapata saa tano. Nilipoukanyaga mkono wa bahari unaovukwa kuingia mikokoni niliona maji hayaendi yanakotakiwa kwenda. Niliona. Na wenzangu watatu wa pwani waliona, maana tulitazamana. Hakuna aliyesema, kwa sababu yeye ni mwalimu, ana karatasi mkononi, na sisi tumelelewa kutomrekebisha mkubwa mbele ya watu.

Aliyesema ni kijana wa miaka 15. Akasimama mbele ya mchu mmoja mkubwa, aina mojawapo ya mikoko, akaonyesha kwa kidole: «Mwalimu, konokono wamepanda.» Wale konokono wadogo wa mikoko hushuka chini topeni kula wakati maji yamekupwa, na maji yakikaribia kurudi hupanda shina wakajishikiza juu. Walikuwa wameshapanda. Hakutumia neno «simama», lakini lilikuwa ndilo.

Namsifu mkufunzi kwa jambo moja: hakubishana. Alitazama shina, akatazama karatasi, akasema turudi sote sasa hivi. Tulipofika tena kwenye ule mkono wa bahari maji yalikuwa kiunoni, na binti mmoja hakujua kuogelea. Tulishikana mikono tukamweka katikati, tukahesabiana upande wa pili, tukatimia. Jioni mkufunzi alisimama mbele yetu akasema kosa ni lake, akaonyesha mstari alioukosea. Kisha akauliza nani kati yetu alikuwa amejua. Mikono minne ikainuka, na mmoja ulikuwa wangu. Nilipata usingizi kwa shida usiku ule. Kama yule mtoto angekuwa na adabu kama yangu, tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Tangu siku ile kila asubuhi mwenyeji mmoja na mgeni mmoja wanasoma jedwali kwa zamu na kulinganisha, kisha wanauliza mtu wa bahari. Walibadilisha siku ya pili yake tu, hawakungoja ripoti. Hilo nalihesabu upande wao.

Huyo kijana wa konokono baba yake alikuwa mkata miti ya mikoko. Tulipofika kwenye zoezi la kuhesabu visiki, tulipewa futi kamba na fomu: pima upana, andika. Yeye aliangalia tu kisiki akasema hii iliuzwa fito, hii pau, hii mazio, ile pale boriti. Hayo ni majina ya nguzo kwa unene wake. Tukapima, ikawa hivyo. Akasema pia ni vipi vilivyokatwa kwa msumeno usiku na vipi kwa panga, kwa kuangalia uso wa kisiki. Kitabu cha mafunzo hakina ukurasa wa namna ya kumpokea kijana kama huyu. Kiongozi mwenzetu aliyekuwa na kikundi chake alitaka kumnyamazisha ili fomu iende kwa utaratibu. Dada mpole akamvuta kando akamwambia maneno machache, kisha kijana akapewa futi kamba awafundishe wengine. Kumkanya mtu kando, si mbele ya kundi: hilo tulikuwa tumeambiwa kwa maneno siku ya tatu, lakini hapo tuliliona likifanyika kwa mmoja wetu, na aliyekanywa alirudi akicheka.

Upandaji wenyewe ulifundishwa na mama mmoja wa Gazi, na kwangu saa zake mbili zilikuwa na thamani ya ada nusu. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za viwandani, na alikumbuka ufuo ukiwa mtupu. Alitufundisha kwamba kosa kubwa la wapandaji ni haraka: wanachukua mbegu za mkoko wenyewe, aina moja tu kati ya miti hii, kwa kuwa ni ndefu na rahisi kuchomeka, wanazijaza popote penye tope, wanapiga picha, wanaondoka, na zote zinakufa. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa ukipigwa na bahari. Mkoko uko nyuma yake. Mkandaa unapenda juu zaidi, karibu na nchi kavu. Mchu unavumilia huku na huku. Mpande kila mmoja kwake. Na msihesabu mlichopanda, mrudi baada ya miezi mitatu mhesabu kilicho hai. Fomu ya shirika ilikuwa na nafasi ya «idadi iliyopandwa» peke yake. Tuliwaomba waongeze nafasi ya pili, wakaongeza kwa kalamu pale pale.

Mama huyo alitueleza pia Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ambao tangu 2013 unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, yaani wanunuzi hulipa ili mikoko iendelee kuihifadhi, na fedha zinaingia kwenye maji na skuli za vijiji. Vijana walimsikiliza kuliko walivyotusikiliza sisi. Wengi wao bomba la maji la kijiji wanalitumia kila siku.

Huduma ya kwanza ni siku mbili, na zilitosha kwa mwanzo. Jua na kukosa maji mwilini, jeraha la chaza kwenye mizizi, kuvunjika, nyoka. Kwa nyoka walisisitiza: usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukata damu, mtulize mtu asitembee, tuliza kiungo kilichoumwa kisichezecheze, na safari ya hospitali ianze mara moja. Tulitengeneza machela kwa leso mbili na mianzi miwili tukambeba mwenzetu wa kilo 80 kupitia kichaka. Hapo nilijua kwamba kikundi cha watu watano hakitoshi kwenda mbali. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, sasa iko kwenye simu ya kila kijana wangu, na ndani ya mfuniko wa sanduku la dawa pia.

Kuhusu watoto walikuwa imara, na wazazi wanaosoma hapa watapenda kujua: barua ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18, watu wazima wawili muda wote, na hakuna kiongozi kubaki peke yake na mtoto popote, hata kwenye gari.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni dogo. Nauli tuliyoahidiwa kurudishiwa ilikuja baada ya wiki tatu. Kwa mtu anayeuza leso, hiyo ni mtaji. La pili, kitabu kizima kiko kwa Kiingereza. Darasani watu wanne walikuwa wakinong'onezwa tafsiri na majirani zao, na hao wanne ndio waliokuwa hodari kuliko wote nje.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Kitabu chao kimejengwa juu ya mfano wa Marekani. Huko, mwaka 2008, vijana wa Acoma, jamii ya wenyeji asilia katika jimbo la New Mexico, walianzisha kikosi chao, kisha kazi ikaenea kwa wenyeji wenzao, Wazuni, Wahopi na Wanavajo. Vijana wa jamii hizo wanatengeneza njia za milimani na kuziimarisha kuta za mawe walizoziacha mababu zao, wakilala kwenye mahema siku nane au kumi kwa safari. Kikosi chao kinaitwa kwa jina lenye maana ya ardhi za mababu. Nilipolisikia jina hilo siku ya pili nilifurahi sana, nikasema hawa ni ndugu zetu. Lakini kilichochukuliwa kwenye kitabu chetu ni orodha ya mahema, majiko na namna ya kufungasha mzigo, ilhali vijana wetu jioni wanarudi kula kwao. Mababu walipangiwa siku ya 12, saa moja kabla ya kugawa vyeti, chini ya kichwa «salamu za wazee».

Matokeo yake ni haya. Siku ya tano tulipelekwa kayani kwa somo la kufyeka mpaka. Tulifika na kofia vichwani na mapanga mikononi, sisi wote, nami mwenyeji nikiwamo, kwa sababu ratiba ilisema hivyo. Mzee alikuwa amekaa penye mlango wa msitu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema, «Mapanga huku hayaingii.» Hakuinua sauti. Akatukalisha chini, akaagiza kaniki ziletwe, kila mmoja ajifunge kiunoni, na kofia ziondoke. Kisha akaanza kutuuliza mmoja mmoja: «Wewe ni wa nani?»

Swali hilo lilichukua saa nzima. Aliyejibu jina lake tu aliulizwa tena: baba yako nani, mama yako wa wapi, aliyekulea ni nani. Mwenzetu mmoja wa kutoka Kakamega alipata hofu kwamba atafukuzwa. Mzee akamwuliza msitu wa kwao unaitwaje, akauliza nao una mlango upande gani na nani anaulinda, na wakazungumza muda mrefu kuliko alivyozungumza nasi. Mwisho akatuambia kwamba humu hakichukuliwi kitu, hata kijiti kilichoanguka, na anayetaka kuwaongoza watoto wa watu humu ndani ajue kwanza kila mtoto ni wa nani, maana jambo likitokea ndiyo nyumba atakayoiendea.

Mkufunzi alikaa akitazama saa. Somo la kufyeka lilikuwa linachelewa. Mimi naamini hilo ndilo lilikuwa somo, na nililoondoka nalo kuliko mengine yote. Niliporudi nyumbani, kabla sijampa kijana yeyote jembe, nilikwenda kwenye nyumba zote tisa. Nilikunywa chai, nikauliza, nikaulizwa. Nimejua nani anamlea bibi mgonjwa na kwa hiyo hawezi kuanza saa kumi na mbili. Nimejua binti gani hali kitu asubuhi, nikaanza kubeba mahamri na chupa ya chai kwa wote ili asionekane yeye peke yake. Nimejua mmoja ambaye kaka yake anakata miti usiku, na kwamba tukimpeleka kuhesabu visiki upande ule tunampeleka kumshtaki ndugu yake. Yeye namweka kitaluni, na hakuna anayejua sababu.

Kwa hiyo, mtu aende? Aende. Upangaji wa siku, vifaa, huduma ya kwanza na ulinzi wa watoto sijaona pengine vikifundishwa vizuri hivi kwa bei hii, na wakufunzi wakionyeshwa kosa wanalikubali. Kwa anayeongoza vijana bara, mbali na bahari, siku nne za mikoko hazitamfaa sana, angoje ya msituni ikiandaliwa. Kwa wazee wetu wa kaya mnaosomewa haya na wajukuu: ombeni mpewe siku ya kwanza nzima. Mimi nimeandika hivyo kwenye barua yangu, na wenzangu sita wametia sahihi. Shirika limejibu kwamba litaangalia ratiba.

Chakula kilikuwa kizuri, mbaazi na mahamri asubuhi, wali wa nazi mchana. Vyandarua viwili vilikuwa na matundu, nendeni na uzi. Bebeni raba za kufunga kamba, kwa sababu tope la Gazi linavua ndara na halizirudishi, na mizizi ina chaza kali. Leso mbili kila mtu, wanaume pia, kwa ajili ya machela. Na mkifika, kabla ya kutandika kitanda, ulizeni mzee wa kaya anakuja siku gani. Wakiwaambia ni ya mwisho, mtu mmoja wenu aende akamwamkie jioni ile ile.